Uchaguzi wa Maneno katika Hadithi za Bara: Mfano wa Mbulu na Hanang

Malalamiko ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kueleza maisha ya bara yamesemwa mara nyingi, na aghalabu wasemao ni waandishi wenyewe. Katika makala haya nataka kuyapima malalamiko hayo kwa kuchukua mahali pamoja tu, yaani wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, na kuuliza: mwandishi wa hadithi atakaye kumfikisha msomaji wake huko ana maneno gani mkononi, ni yapi ayaachayo bila sababu, na ni yapi yamdanganyayo?

Nimechagua wilaya hizi kwa kuwa ni mtihani mgumu. Wairaqw wakaao nyanda za juu za Mbulu wasema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao, lugha yao ni ya Kinailoti. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yenye sauti za kudoadoa, ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu. Majirani wa upande wa magharibi na kusini, Wanyiramba na Wanyaturu, ni Wabantu. Kiswahili huko ni lugha ya soko, ya shule, ya kanisa na ya ofisi, na kwa vijana wengi sasa ni lugha ya nyumbani vilevile. Kwa hiyo mtu aandikaye kwa Kiswahili habari za wazee wa Kainam au wafugaji wa Basotu huwa mkalimani kabla hajawa mtunzi, apende asipende.

Tuanze na sentensi moja. Nimeitunga mwenyewe, ili nisimwonee mtu, lakini atakayesoma hadithi nyingi za aina hii hatakosa kuitambua: "Mzee alitoka katika kibanda chake cha asili, akaenda kuwaangalia wanyama wake waliokuwa wakila majani mbugani."

Sarufi yake haina kosa. Mwalimu wa shule angeipa alama nzuri. Hata hivyo hakuna neno moja ndani yake lililochaguliwa; yote yameokotwa.

Kibanda ni kitu kijengwacho kwa siku moja: cha mlinzi wa shamba, au cha muuza maembe kando ya barabara. Nyumba ya mzee mwenye wake na wajukuu si kibanda, na mwandishi aiitaye hivyo amemshusha mzee kabla hajasema lolote. "Cha asili" nayo haimwambii msomaji umbo wala harufu ya nyumba. Yamwambia jambo moja tu, kwamba mwandishi amesimama nje akitazama. Hakuna mtu duniani ambaye huamka alfajiri katika "nyumba ya asili". Kila mtu huamka katika nyumba. Na maneno hayakosekani. Kiswahili kina msonge, nyumba ya duara yenye paa la nyasi lililochongoka, na kina tembe, nyumba yenye paa bapa la udongo. Wairaqw wamezijua zote mbili. Tembe yao ya zamani ilichimbwa ubavuni mwa mlima, hata nyuma ya nyumba paa likawa karibu sawa na ardhi. Wazee husimulia kwamba ilijengwa hivyo ili maadui watekao ng'ombe wapite bila kuiona. Mwandishi ajuaye neno tembe amepata papo hapo giza la ndani, joto la ndama waliolala upande wa pili, na hofu ya zamani. Aliyeandika kibanda hakupata hata kimoja.

Hapo hapo nitaje neno boma. Katika sehemu nyingi za nchi boma lilikuwa ofisi ya serikali tangu zamani za Wajerumani, na wazee bado wasema "alipelekwa bomani" wakiwa na maana ya kwamba alishtakiwa. Kwa wafugaji wa kaskazini boma ni makao: nyumba, zizi, na ua wa miiba uyazungukao. Mwandishi ayachanganyaye atamfanya msomaji wa Tanga adhani kwamba mfugaji huyo alilala kwa mkuu wa wilaya.

Wanyama: hili ni kosa la uvivu. Mchungaji hana "wanyama". Ana fahali, ana maksai wa kulimia, ana mtamba ambaye hajazaa bado, ana ndama, ana tasa anayemsikitikia na ambaye labda atamchinja sikukuu. Katika mbuzi ana beberu na mfarika. Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza yaitwa dang'a. Yakikaa kibuyuni huwa mtindi, na mafuta yake yakichemshwa huwa samli. Maneno hayo yote ni ya Kiswahili na yamo katika kamusi zetu. Asemaye kwamba lugha hii haiwezi kueleza maisha ya mfugaji aifungue kamusi kwanza, ndipo alalamike.

Lakini nakiri kwamba dawa hii ina sumu yake. Wapo waandishi ambao, wakisikia shauri kama hili, huingia katika kamusi kama mtu aingiaye dukani na fedha za kuazima. Hutoka na maneno kumi ambayo hakuna mtu yeyote katika hadithi awezaye kuyatamka, wakayabandika popote. Wengine huazima kwa washairi wa pwani, basi ukungu wa Mbulu ukapewa sifa za mwezi wa Lamu, na juu ya mlima Hanang zikavuma pepo za kusi na kaskazi, ambazo ni pepo za mabaharia. Dang'a ni neno zuri mdomoni mwa mama akimpa mtoto kikombe. Mdomoni mwa karani wa benki aliyepita na gari ni kichekesho. Kipimo ni kimoja tu: nani atazama, na jicho lake limezoea kuona nini?

Sasa nafika kwenye neno la mwisho la sentensi yetu, na hapa nitakawia, kwa sababu hapa uchaguzi wa neno umewahi kugharimu watu mali yao.

Mbuga, kwa maana yake ya zamani, ni uwanda wa nyasi, na pengine ardhi ya udongo mweusi ituamishayo maji. Ni neno ambalo mkulima na mchungaji walilijua sawasawa. Lakini kwa miaka mingi sasa limeshikamana na "mbuga za wanyama", hata msomaji wa mjini asomapo "mbugani" huona twiga na gari la watalii. Ng'ombe wa mzee wetu wamekwisha kugeuka swala. Mwandishi mwingine, akilikwepa hilo, huandika "porini". Nalo ni baya zaidi. Pori ni mahali pasipo watu; ni pa nyoka, majambazi na waliopotea. Kusema kwamba mtu achunga porini ni kusema kwamba mahali pale si pake, amepita tu.

Wabarabaig hawakuuona uwanda wa Basotu hivyo. Charles Lane, aliyeishi kati yao na kuandika kitabu kuhusu malisho yao kilichotoka mwaka 1996, ameonyesha jinsi walivyoigawanya nchi kwa aina za malisho, kila aina na jina lake na majira yake, ng'ombe wakihamishwa kutoka moja hadi nyingine kadiri mvua ijavyo na kwenda. Iliyothaminiwa kuliko zote ni ile waiitayo muhajega, yenye rutuba, iliyoko katika uwanda huo wa Basotu. Ng'ombe hawakukaa humo mwaka mzima; ndiyo maana ya kuipumzisha. Mgeni aliyepita wakati wa mapumziko aliona nyasi na upepo, akaandika kwamba ardhi ni tupu.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba makubwa ya ngano, yakafika saba, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikaitengua hukumu hiyo kuhusu haki ya ardhi. Katika sababu zilizotolewa ilikuwamo hii, kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni watu wa aina itajwayo na sheria kwa neno la Kiingereza ambalo sisi tungelitafsiri "wenyeji". Sina nia ya kuhukumu upya kesi hiyo, wala si kazi ya mhakiki wa fasihi. Naitaja ili mwandishi ajue kwamba maneno pori, ardhi tupu, malisho na mwenyeji hayakuwa mapambo katika wilaya hizi. Mtunzi aandikaye leo "porini" juu ya uwanda wa Basotu, bila kukusudia, amekwisha kuwa shahidi wa upande mmoja.

Basi aandike nini? Neno malisho lipo, na ni jema: halisemi tu kwamba kuna nyasi, lasema pia kwamba kuna anayelisha. Sentensi yetu yaweza kuwa hivi: "Mzee aliinama akatoka mlangoni mwa nyumba, akasimama kuhesabu mitamba yake iliyotangulia malishoni." Si sentensi ya ajabu. Ila sasa kuna mtu anayehesabu. Na ikiwa hadithi yenyewe yahusu kupotea kwa malisho hayo, mwandishi hana budi kwenda hatua moja zaidi, alete neno muhajega lenyewe, kwa maana malisho ni jina la aina zote, na kilichopotea kilikuwa hiki.

Hapo twaingia katika swali la kuazima. Wapo wahariri waogopao neno lolote la lugha za makabila, wakidhani kwamba litamkwaza msomaji. Wawajibu kwa mfano wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Kiswahili chake si cha pwani na wala hakijifanyi kuwa cha pwani. Husimama kwa subira kueleza kitu kinavyotengenezwa, nani hukishika, nani hakishiki, hata jina la kitu hicho liwe limekwisha kueleweka kwa kazi yake. Hiyo ndiyo njia niipendayo: neno geni liingie mlangoni na kazi mkononi.

Yafaa kukiri kwamba Kitereza alikuwa na urahisi mmoja. Kikerewe ni lugha ya Kibantu, maneno yake hukaa katika Kiswahili kama ndugu wa shangazi. Kiiraqw kina sauti ambazo ulimi wa Mswahili haukuzizoea, na huandikwa kwa sl, tl, q na hh. Je, msomaji ataweza? Naona ameshaweza. Tlawi na Kwermusl ni majina ya mahali Mbulu, yamo katika karatasi za serikali kwa tahajia hiyo hiyo, na makarani wamekuwa wakiyaandika bila kuvunjika kalamu. Aliye na shaka juu ya tahajia anayo kamusi ya Kiiraqw ya Mous, Qorro na Kießling, iliyotoka mwaka 2002, ingawa maelezo yake ni ya Kiingereza.

Nitoe mifano mitatu ya maneno ambayo sioni namna ya kuyaepuka.

La kwanza ni slufay. Ni maneno ya baraka na maombi ambayo mzee wa Kiiraqw huyatamka mbele ya mkutano, na waliohudhuria wakamwitikia kwa pamoja. Ukiandika sala, msomaji husikia msikiti au kanisa. Ukiandika dua, vivyo hivyo. Shairi humfanya mzee kuwa malenga anayeshindania zawadi, na hotuba humfanya mbunge. Hapa tafsiri zote zimepungua, na mwandishi hana budi kumwonyesha msomaji mkutano ukinyamaza, mzee akianza, sauti zikiitika. Kisha aseme kwamba hii ni slufay, wala asirudie kueleza tena.

La pili ni Looa, jina la jua na la yule aombwaye, ambaye kwa Wairaqw ni mwenye tabia ya mama. Hapa Kiswahili kina heri kuliko Kiingereza, maana kiambishi chetu cha nafsi hakibagui mume na mke. "Alimwomba Looa naye akamsikia" haimlazimishi mwandishi kukosea. Lakini urahisi huo una hasara: msomaji asipoambiwa, atamweka baba mahali pa mama kwa mazoea. Neno moja, mama, likiwekwa mapema katika kinywa cha anayeomba, latosha.

La tatu ni bung'eed ya Wadatoga. Mwandishi mwenye haraka ataandika kaburi. Ni kaburi kweli, lakini si la kila mtu, na halikamiliki siku ya kuzika. Hujengwa juu ya mzee aliyeheshimiwa, kwa miezi kadhaa, ngazi juu ya ngazi, ukoo ukikusanyika tena na tena, hata kilima cha udongo kisimame juu ya vichwa vya watu. Wabarabaig walipolalamika kwamba matrekta ya mashamba ya ngano yamelima makaburi ya wazee wao, maofisa waliosikia neno kaburi walifikiri, pengine, juu ya shimo lililofukiwa. Tofauti baina ya maneno hayo mawili ni hadithi nzima, na mtunzi atakayeiandika amekwisha kupewa kiini chake.

Kuhusu ngeli: maneno haya yaachwe katika ngeli ya I na ZI, "slufay hii", "bung'eed hizo". Muhajega humvuta mtu aseme "mihajega" kwa kuwa laanza na mu-. Asifanye hivyo, neno hilo si la Kibantu. Looa hufuata upatanisho wa mtu.

Sasa majina ya watu. Wabarabaig na Wadatoga kwa jumla wameitwa Mang'ati kwa miaka mingi, na jina hilo limeingia hata katika hadithi na magazeti. Lilitokana na Kimasai, nalo lina maana ya adui. Wahadzabe nao waliitwa Wakindiga, na Wairaqw huitwa Wambulu kwa jina la mahali. Je, mwandishi ayafute yote? Kwa maoni yangu hapana, na hapa natofautiana na wenye kusafisha lugha kwa ufagio mmoja. Dereva wa lori kutoka Arusha, akisimamishwa usiku na kijana mwenye mkuki na shuka, atasema Mang'ati, na mwandishi akimtia mdomoni neno Mdatoga amemfanya mwalimu wa historia. Aseme alivyozoea. Ila msimulizi asiseme hivyo. Msimulizi ambaye kwa sauti yake mwenyewe huandika "Mang'ati mmoja alitokea" amekwisha kumwita mtu huyo adui kabla ya kumwuliza alilotaka, na hadithi yote inayofuata, hata ikijaa huruma, itakuwa imechelewa.

Mazungumzo nayo yana ugonjwa wake. Mwandishi akitaka kuonyesha kwamba mzee ni mtu wa shamba, humsemesha Kiswahili kilichovunjika: "Mimi nataka ile ngombe yangu, wewe napeleka wapi?" Wasomaji hucheka. Lakini mzee huyo, katika hadithi, azungumza na mwanawe nyumbani, na nyumbani hasemi Kiswahili. Asema Kiiraqw, lugha aliyoizaliwa, na huenda ndiye msemaji hodari kuliko wote kijijini, yule aitwaye kutoa slufay. Kumtafsiri kwa Kiswahili kibovu ni kumnyang'anya ufasaha wake na kumpa kigugumizi kisicho chake. Atafsiriwe kwa Kiswahili fasaha, kizito, chenye adabu ya mzee kwa kijana. Kisha siku ya soko Katesh, akipatana bei na mfanyabiashara, hapo ndipo Kiswahili chake kiwe kifupi na chenye kukwama, na msomaji, aliyekwisha kumsikia nyumbani, ataona hasara aipatayo mtu asemapo kwa lugha ya soko. Yule yule, aina mbili za Kiswahili: sijui njia rahisi kuliko hiyo ya kuonyesha jambo kubwa kiasi hicho.

Nimalizie kwa kazi ambayo sijaiona ikifanywa vema bado, ingawa natumaini kuna mtu wa Hanang anayeifanya. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya karibu, wakafa watu zaidi ya 80. Habari zake zilienea kwa jina la mafuriko ya Hanang. Mafuriko ni maji yapandayo. Yana mto, yana kingo, yana muda wa mtu kubeba godoro lake. Mwandishi akianza na neno hilo, msomaji ataona maji yakiingia mlangoni kidogo kidogo, wala hataelewa kwa nini watu hawakukimbia. Wengine waliandika maporomoko, na hilo lakaribia, lakini wengi wakilisikia peke yake hufikiri maji yaangukayo jabalini, mahali pa kupigia picha. Lahitaji "ya tope" nyuma yake, na likisha kuwa refu hivyo laonekana limetoka ofisini.

Katika maelezo ya serikali siku zile lilikuwamo neno jingine. Ilielezwa kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka. Kumega ni kitendo cha mkono juu ya ugali, nacho kila mtoto wa nchi hii amekifanya kabla hajajua kusema. Mama wa Gendabi aliyekuwa amelala na wanawe, akisikia mngurumo, hakuwa na jina la jambo lile. Lakini mtunzi atakayemwandika anaweza kumpa kitendo hicho akijuacho mkononi, mlima ukimegwa gizani juu ya nyumba yake, na asiongeze kitu.